Mtoto wa Nchi Mpaka Kwamouth

Jumatatu ya mwisho ya Juni 1997, Marceline alikuwa ameketi kwenye meza yake katika ofisi ya uandikishaji, mjini Likasi, akifuta Zaïre. Fomu mpya zilikuwa hazijafika, na shefu alikuwa ameamua kwamba za zamani zitumike mpaka ziishe: unaweka rula, unapiga mstari mmoja tu juu ya neno Zaïre, kisha pembeni unaandika Kongo kwa kalamu ya buluu. Nchi ilikuwa imebadili jina mwezi uliotangulia na Marceline alikuwa ameshaizoea. Kilichomsumbua ni baridi. Juni ya Likasi huuma vidole, na kioo kimoja cha dirisha kilikuwa kimevunjwa tangu uporaji wa 1991, kikazibwa kwa kalenda ya kanisa ambayo miezi yake ilikuwa imekwisha zamani.

Saa tatu kasoro robo mto uliingia.

Uliingia kwa mlango wa mbele kama watu wengine, upana wake mkeka mmoja, kina chake kifundo cha mguu, rangi yake chai isiyotiwa maziwa. Ulileta harufu ya samaki na majani yaliyolowa. Mkia wake ulipita ngazini, ukavuka barabara na kupotea upande wa stesheni, kwa kuwa ulikuwa umetoka Bukama kwa kufuata reli. Safari ilikuwa imeuchukua siku tisa. Kupanda mlima si kazi yake ya kawaida. Sehemu yake kubwa, ulieleza baadaye, ilibaki kazini, maana hakuna wa kuishikia zamu.

"Jambo yenu," mto ulisema. "Nani iko wa mwisho?"

"Ni minye," akajibu mama mmoja aliyekuja kuandikisha mapacha, na mto ukajipanga nyuma yake. Watu wa benchi waliinua miguu. Mzee Aruna, mwenye duka la vitambaa karibu na soko, ambaye alikuwa anasubiri tangu saa moja, alikunja suruali mpaka magotini na kuendelea kusubiri.

Ilipofika saa nne habari ilikuwa imefika Kikula, mtaa ambao mabomba yake yalikuwa makavu tangu Pasaka. Wanawake walikuja na beseni, ndoo na mitungi ya plastiki ya manjano. Wengine walileta hata nguo chafu. Walijipanga ukutani, wakachota, wakafua, wakasuza, na mama wa mapacha akawaogesha watoto wake wote wawili ili waandikwe wakiwa safi. Shefu Blaise alitoka ofisini mwake akiwa ameshika kikombe cha chai.

"Hapa ni biro ya serikali," alisema. "Bantu habachote maji mu biro."

"Hatuchote biro, shefu," mwanamke mmoja akamjibu bila kuinua kichwa. "Tunachota mto."

Shefu Blaise alilifikiria jambo hilo, akaona lina msingi, akarudi ndani.

Mwishoni mwa benchi, karibu na kabati la faili, alikuwa ameketi Mukendi, mume wa Marceline. Hiyo ilikuwa Jumatatu yake ya tano. Kila Jumatatu alikuja na bahasha ileile, akaketi mahali palepale, akaitwa saa sita, akaambiwa arudi Jumatatu. Marceline hakuruhusiwa kumshughulikia kwa sababu ni mume wake, na mara nyingine aliambiwa hawezi kumshughulikia kwa sababu Mukendi kisheria hayupo Likasi. Usiku uliopita huyu asiyekuwepo alikuwa amemaliza mboga yote ya sombe iliyobaki sufuriani.

Mukendi alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi ya Panda. Baba yake naye alizaliwa humo humo. Babu yake aliletwa kwa treni kutoka Kasai, wakati wa Wabelgiji, kuja kuchimba shaba, na alikuwa amekufa kabla ya kujifunza njia ya kurudi. Kwa miaka kumi na tisa Mukendi alikuwa msoma maji. Kila asubuhi alipanda baiskeli mpaka Lufira, njia ya Koni, akasimama mbele ya ubao wenye vipimo uliochomekwa mtoni, akaandika kina cha siku ile katika daftari. Ilikuwa kazi ya mtu mtulivu, na Mukendi alikuwa mtulivu mpaka mkewe wakati mwingine alimgusa bega kuhakikisha kama yuko macho.

Kisha miaka ile ikaja ambapo ilitangazwa kwamba watu wenye asili ya Kasai warudi kwao. Kwao Mukendi palikuwa nyumba ya matofali mekundu, mstari wa tatu, hatua mia tatu kutoka uwanja wa mpira. Vijana waliokuja na mapanga hawakuwa na habari za uwanja wa mpira. Maelfu ya watu walikaa stesheni ya Likasi kwa miezi, wakilala chini ya maturubai, wakisubiri treni za mizigo. Mwezi wa tano wa 1993 Mukendi na mama yake, Mama Ngalula, walipata nafasi ndani ya behewa. Marceline alibaki. Yeye alikuwa Musanga, wa kabila la hapahapa, mtoto wa nchi, hakuna aliyemfukuza, na mama yake mzazi alikuwa kitandani hawezi hata kugeuka. Walisema atawafuata. Mama yake aliishi miaka miwili zaidi. Baadaye barua za Mukendi kutoka Mwene-Ditu, kule Kasai, zikasema kwamba kule kuna njaa, asije kwanza. Na barua za Marceline zikasema kwamba huku hali haijatulia, asirudi kwanza. Hawakujaliwa watoto wa kuwaharakisha. Hivyo ndivyo miaka minne ilivyopita.

Mwezi wa tano wa mwaka huu serikali mpya ilipoingia, mtu fulani alimwambia Mukendi kwamba sasa kila mmoja anaweza kurudi nyumbani. Alipanda juu ya treni ya mahindi akarudi. Nyumba ya matofali mekundu, ambayo Marceline aliiacha alipohamia Kikula kumuuguza mama yake, ilikuwa na familia nyingine ndani. Walikuwa watu wa adabu, walimpa kiti na maji ya kunywa, lakini walisema kwamba kama anataka kuzungumzia nyumba alete karatasi inayosema yeye ni mtoto wa nchi. Karatasi hiyo ndiyo aliyoifuata kila Jumatatu.

Saa tano na nusu zamu ya mto ikafika.

Shefu Blaise aliona kwamba mwombaji wa aina hii hawezi kuachiwa karani peke yake. Alitaka kuupokea ofisini mwake, akakumbuka zulia, kwa hiyo akaja kwenye meza ya Marceline na kusimama juu ya kiti ili asilowe. Marceline alivua viatu, akakunja miguu chini yake, akachukua fomu ambayo Zaïre yake ilikuwa imeshapigwa mstari.

"Jina?" aliuliza.

"Kule juu bananiitaka Lualaba," mto ulisema. "Mpaka ku Kisangani. Kisha kule ni Kongo. Mbele ya ile ilikuwa Zaïre, na mbele ya Zaïre ilikuwa Kongo tena. Zamani kabisa, kule chini, Bakongo balikuwa banasema Nzadi. Maana yake ni mto tu. Bazungu ba kwanza, Bareno, balisikia mubaya, bakaandika Zaïre."

"Sasa unataka gani?"

"Ile muko nayo. Nilisikia munabadilisha. Sitaki baniambie kesho kama sina papier, karatasi yangu."

"Andika yote," shefu alisema kutoka juu ya kiti. "Weka mistari kati."

Marceline aliandika. Nafasi ilikuwa ya majina mawili, ikabidi apande pembeni ya karatasi.

"Mahali pa kuzaliwa?"

"Karibu na Musofi, pale pa mupaka ya Zambia. Ni kisima kidogo. Ukiweka mukono wako, unanifunika minye yote."

"Katanga!" shefu alisema, na uso wake ukafunguka. "Ni mutoto ya inchi. Andika, Mama Marceline, andika."

"Tarehe?"

"Ile sijue."

"Weka mwaka 1900," shefu alisema. Hivyo ndivyo walivyowafanyia wazee wote, na mto haukuona ubaya kuwa rika moja na babu zao.

"Anwani za zamani?"

Hapo mto ulitaja njia yake yote, bila haraka, na Marceline aliandika kwa herufi ndogo. Ulitaja magenge ya Nzilo, ambako mchana huo huo sehemu yake nyingine ilikuwa inazungusha mashine za umeme. Ulitaja Bukama, na maziwa na matope ya Upemba ambako hupotea kidogo na kujikuta tena. Ulitaja Kongolo na mlango wa miamba ambao Wazungu waliuita wa Jehanamu, ingawa mto wenyewe uliona ni mahali pembamba tu. Ukataja Kasongo, Nyangwe na Kindu. Ulikatiza ikweta mara ya kwanza, ukafika Kisangani, ukageuka magharibi, ukaikatiza tena Mbandaka. Kuanzia hapo mto ulikuwa unasema Kilingala bila kujua. Benchi likanyamaza, maana Kilingala kilikuwa lugha ya wanajeshi waliokuwa wameondoka juzi, na kila mmoja alikuwa na sababu zake za kutokipenda. Marceline aliuomba kwa upole urudi kwenye Kiswahili. Mto ukaomba radhi, ukamalizia Kinshasa, Matadi, Boma na Banana.

"Kisha?"

"Kisha bahari. Lakini pale sisimame. Naingia mbali sana ndani yake."

"Bahari si yetu," shefu alisema. "Acha."

"Kazi?"

"Kubeba," mto ulisema. "Nilibeba pembe. Kule Nyangwe nilibeba bantu ba minyororo, na luga hii tunasema ilikuya pamoja nabo, ku mitumbwi ileile. Nilibeba mpira wa Bazungu, ule wa miti, na mikono ya bantu benye balikosa kuleta mpira ya kutosha. Nilibeba mashua ya chuma. Shaba yenu nilibeba miaka mingi. Sasa nabeba zaidi majani."

Mzee Aruna aliinua macho wakati Nyangwe ilipotajwa, kwa kuwa babu zake walitoka upande ule, kisha akaendelea kutawadha. Ilikuwa karibu adhuhuri na maji yalikuwa pale miguuni pake.

"Andika msafirishaji," shefu alisema.

Alama za mwilini zilikuwa maporomoko saba Kisangani na mengine thelathini na mawili chini ya Kinshasa. Marceline aliandika "makovu". Shefu alikuwa amefurahi sana. Hajawahi kupata faili zuri namna hii, alisema, nalo ni la mtoto wa hapahapa aliyefanikiwa. Alimwambia Marceline aharakishe ili yeye apige muhuri kabla ya chakula.

"Ndugu?"

"Lufira," mto ulisema. "Ule munamujua, ni jirani yenu. Luvua. Lomami. Ubangi, ule anatoka mbali, ku kaskazini. Na Kasai."

Mzee Aruna aliacha kutawadha.

"Kasai gani?" shefu aliuliza.

"Kasai. Ananiingilia pa Kwamouth, ku mukono ya kushoto."

"Ni... ni mwingi?"

"Mwingi sana. Bila yee, singefika ku bahari vile nafikaka."

Shefu Blaise aliteremka kitini. Aliteremka moja kwa moja ndani ya maji, na viatu vyake vya ngozi, akasimama humo akiutazama mto kana kwamba angeweza kuona kwa macho ni sehemu gani ilikuwa ipi. Kisha akasema inabidi aangalie maandishi ya sheria. Alikwenda ofisini mwake akiacha alama za miguu juu ya zulia lake mwenyewe, akafunga mlango.

Mukendi, mwishoni mwa benchi, alikuwa ameinamia bahasha yake. Marceline aliona mabega yake yanatikisika, akadhani analia. Alikuwa anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi.

Kulikuwa na mstari mmoja uliobaki kwenye fomu na Marceline aliona hakuna haja ya kumngoja shefu kwa ajili yake. Kwa kawaida ni mstari wa watoto na wajomba wazee.

"Watu unaowatunza?"

"Ba zamani ao ba sasa?"

"Wa sasa."

"Ba 1993 beko bengi," mto ulisema. "Benye balikufa ndani ya treni. Treni haikuwa inasimama muda mrefu, na udongo ya pale pa reli ni nguvu, na bantu habakuwa na majembe. Pa daraja ya Bukama bakaniachia." Na ukaanza kuwataja, kwa sauti ileile uliyotajia miji: Kabeya mutoto ya miezi mbili. Mbuyi, fundi wa viatu. Tshibola na pacha wake. Papa Ngoyi, yule wa kinanda cha kanisa. Ngalula, mama ya Mukendi.

Kalamu ya Marceline ilisimama.

"Ngalula gani?"

"Mama ya Mukendi, wa Panda. Mukendi ni ule iko pale, ku mwisho ya benchi."

Watu wote waligeuka kumwangalia Mukendi, na Mukendi aliangalia maji. Miaka minne iliyopita alikuwa amemwandikia mkewe kwamba mama alifariki Mwene-Ditu, juu ya kitanda, na kwamba alizikwa vizuri na korali ya kanisa ikaimba. Barua hiyo Marceline aliisoma mara nyingi. Mama Ngalula ndiye aliyemfundisha kusuka nywele zake mwenyewe bila kioo, na ndiye aliyesema, siku ya mahari, kwamba msichana huyu ana sauti kubwa na nyumba inahitaji mtu mmoja mwenye sauti.

Marceline aliandika: Ngalula. Aliandika vizuri, kwa herufi za kusimama. Kisha akavuka mto bila viatu akaenda kuketi karibu na mume wake.

"Uliniandikia korali iliimba," alisema.

"Iliimba."

"Wapi?"

"Pale ku daraja. Balikuwamo ba korali ndani ya behewa letu. Baliimba kipande kimoja. Kisha treni ikapiga honi." Alikuwa anaikunja bahasha na kuikunjua. "Nilimufunga na ile kitenge ya maua uliyomupa. Kwanza sikutaka kumuacha, lakini ilikuwa siku ya tatu, na joto, na bantu balikuwa banasema."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Ungekuya," Mukendi alisema. "Ungekuya kumutafuta, na pale kulikuwa hakuna kitu ya kuona."

Marceline aliweka mkono juu ya bahasha ili Mukendi aache kuikunja. Miguu yao minne ilikuwa ndani ya maji, na maji yalikuwa na uvuguvugu wa bonde, tofauti na baridi ya Likasi. Ilimjia kwamba mto huu hapa ndio ule ule wa darajani, na kwamba kwa hiyo, kwa namna fulani, mama mkwe yuko chumbani. Akavuta sketi yake vizuri, ifike magotini.

Kisha akapata wazo, akasimama.

"Unamujua bwana yangu?" aliuuliza mto.

"Lufira anamujua. Habari yake yote ananileteaka. Kila asubuhi, miaka kumi na tisa, muntu mmoja anakuya na kinga, baiskeli yake, anamupima, anaandika. Hakuandika hata siku moja buongo, hata kidole kimoja. Tangu balimufukuza hakuna mwenye kumupima. Lufira anasema anajisikia sawa na muntu mwenye hana kioo."

"Unaweza kusema vile mbele ya shefu? Kuwa shahidi, kwamba alizaliwa hapa na kazi yake ni hapa?"

"Naweza," mto ulisema. "Ni kweli."

Shefu Blaise alitoka baada ya saa nzima, akiwa na soksi kavu. Alikuwa amepata jibu na alilisoma kutoka kwenye kipande cha karatasi ili asikosee. Mwombaji, Lualaba, kwa sasa Kongo, amezaliwa Musofi, Katanga, na ni mtoto wa nchi kuanzia Musofi mpaka Kwamouth. Kuanzia Kwamouth mpaka baharini, kwa sababu ya mchanganyiko, si mtoto wa nchi. Karatasi itatolewa kwa sehemu ya juu. Sehemu ya chini iombe kwao.

"Kwao ni wapi?" mto uliuliza, si kwa ubishi.

"Ile si shida ya biro hii."

Mto ukasema sawa. Marceline akasema kwamba mto uko tayari kutoa ushahidi katika faili la Mukendi, akaeleza ushahidi wenyewe, na wanawake wa beseni wakaacha kufua ili wasikie. Shefu alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesoma darasa moja na Mukendi, shule ya msingi, na siku moja Mukendi alimbeba mgongoni mpaka zahanati alipokanyaga chupa. Alikumbuka jambo hilo, akalisema mbele ya watu wote, na akasema mguu huo huo hata leo unamuuma wakati wa baridi.

"Lakini shahidi," alisema, "lazima akuwe mutoto ya inchi mu urefu yake yote."

Akaipiga muhuri karatasi ya mto, akamrudishia Mukendi bahasha yake. Hakumwambia arudi Jumatatu.

Mto uliichukua karatasi yake. Ulifika nayo mpaka mlangoni, wino ukaachana na karatasi, karatasi ikawa uji, lakini hilo halikudhuru kitu kwa sababu nakala ilibaki kwenye daftari kubwa. Ulishukuru, ukaaga, ukaanza kujivuta taratibu kuelekea stesheni. Wanawake waliufuata mpaka mwisho wa barabara wakijaza ndoo za mwisho. Kwenye korido walibaki kambare watatu, ambao shefu aliwapeleka nyumbani kwake.

Jioni ile, kabla jua halijazama, Marceline alikuwa anasonga ugali wa bukari uani kwake Kikula, na Mukendi ameketi juu ya kinu kilichogeuzwa.

"Unarudi lini Mwene-Ditu?" aliuliza bila kugeuka.

"Kama kuna treni, ku mwisho ya juma. Hapa nikibaki, siku moja bakora itanikuta." Alingoja. "Weye usihangaike. Uko na kazi. Uko na fasi ya kulala."

"Mukendi."

"Ndiyo."

"Nimeuliza lini, sikuuliza kama nahangaika. Nataka kujua ni lini ili nifunge bintu yangu."

Mukendi alinyamaza kwa muda ambao mtu angeweza kusoma ubao wa maji na kuandika. Marceline aligeuka, mwiko mkononi, kumgusa bega. Alikuwa macho.

Asubuhi iliyofuata alijaza fomu yake mwenyewe ya kuhama. Alifuta Zaïre, akaandika Kongo. Kwa kuwa alikuwa mtoto wa nchi, baba na mama, pande zote, shughuli nzima ilichukua dakika kumi.

"Unaenda wapi, Mama Marceline?" Shefu Blaise alisema, muhuri ukiwa hewani. "Hakuna mwenye anakufukuza."

"Najua, shefu."

"Kule ni njaa."

"Najua."

"Sababu ya kuhama naandika nini?"

Marceline alifikiri. "Andika mume," alisema, na shefu akaandika mume, kwa sababu ilikuwa kweli na nafasi ilikuwa inatosha.

Waliondoka Ijumaa kwa behewa la mizigo, na mikeka miwili, sufuria, na baiskeli ambayo Mukendi alikataa kuiuza. Mzee Aruna aliwaletea stesheni kipande cha kitambaa cha kujifunika, akasema ni mabaki tu, ingawa kilikuwa kipya. Treni ilikwenda kama treni za miaka ile: ilitembea, ikafikiri, ikatembea. Tenke walilala. Jumatatu mchana walifika Bukama, na kwenye daraja kichwa cha treni kikaharibika. Dereva alisema itachukua saa moja, au siku moja.

Marceline alishuka. Aliteremka kwenye tuta, akishikilia nyasi, mpaka ukingoni. Mto ulikuwa kazini, mpana, kahawia, ukibeba majani na mtumbwi mmoja wenye mbuzi. Hakuusumbua. Aliketi juu ya jiwe, akavua viatu, akaweka miguu ndani, akavuta sketi yake vizuri.

"Mama," alisema. "Ni minye, Marceline."

"Nilikusikia tangu pale juu," Mama Ngalula alijibu kutoka majini. "Ungali na sauti. Ulikula?"

"Nilikula, mama."

"Nini?"

"Mihogo na karanga."

"Ile si kula. Mutoto yangu iko?"

"Iko pale ku treni, analinda bintu. Anasikia haya kushuka. Juu ya ile barua."

"Umuambie kipande kimoja kilitosha. Wale ba korali habakujua kuimba." Maji yalipita kidogo. "Munarudi nyumbani?"

"Hapana, mama. Tunatoka nyumbani. Tunaenda Mwene-Ditu."

"Na nyumba?"

"Iko na bantu ndani."

"Bado?"

"Bado."

Mama Ngalula alifikiri. Kule juu dereva alikuwa anagonga chuma, na abiria walikuwa wameanza kushuka na ndoo zao. Mukendi alikuwa amesimama mlangoni mwa behewa, mkono mmoja juu ya baiskeli, akitazama chini.

"Pazia zangu walizitoa?" Mama Ngalula aliuliza.

"Hapana, mama. Wanazifua vizuri."

"Aya. Afazali vile."

Honi ikalia, mapema kuliko ilivyosemwa. Marceline aliinuka haraka, viatu mkononi, akaanza kupanda tuta. Katikati alisimama, akageuka, kwa sababu hakuwa ameaga, na mama mkwe akamwambia, kwa ukali uleule wa zamani, aende, mambo ya kuaga yaishe, treni hii haingojaka mtu. Alipofika juu behewa lilikuwa linatembea. Mukendi alinyoosha mkono, akamvuta ndani.